Takwimu za polisi kuhusu biashara ya ngono mijini: zinasema nini, na hazisemi nini



Kila tunapokaa na kamati za sharika za mjini kujadili kazi inayofanyika kwa wanawake na wasichana walio katika biashara ya ngono, swali moja hujitokeza mapema: je, hali inapungua au inaongezeka? Wafadhili nao huuliza hivyo hivyo, ila wao hupenda jibu liwe la namba. Namba ya kwanza inayopatikana kwa kawaida ni ile ya polisi: mwaka jana walikamatwa wangapi, mwaka huu wangapi, na mji huu ukilinganishwa na ule ukoje. Mara nyingi namba hiyo huwa imeshatajwa redioni kabla ya kikao, na mjumbe mmoja huwa ameshaiandika kwenye daftari lake.

Makala haya yanaeleza namna namba hiyo inavyopatikana na namna ya kuisoma. Lengo si kuwalaumu polisi wala kudharau kumbukumbu zao. Lengo ni kuzisaidia kamati na wafadhili wasije wakafanya uamuzi mkubwa kwa kutegemea namba isiyopima kile wanachodhani inapima. Uamuzi huo unahusu fedha za mradi, na mara nyingine unahusu usalama wa maisha ya mtu.

KOSA LISILO NA MLALAMIKAJI

Tuanze na jambo la msingi. Mtu akiibiwa baiskeli, huenda kituoni mwenyewe, huandikisha na kupewa RB. Wapo wasioripoti, lakini kwa jumla idadi ya wizi wa baiskeli katika vitabu vya polisi ina uhusiano fulani na idadi ya baiskeli zilizoibwa kweli.

Biashara ya ngono sivyo ilivyo. Anayenunua haendi kituoni. Anayeuza haendi. Mwenye gesti haendi, wala kuwadi anayechukua sehemu ya fedha haendi. Kosa huingia kitabuni pale tu askari alipokwenda kulitafuta, au jirani alipochoshwa na kelele za usiku akapiga simu. Kwa mantiki hiyo, idadi ya makosa haya hupima kwanza kazi ya polisi: walitoka mara ngapi, walikwenda mitaa ipi, walikuwa na askari na mafuta kiasi gani, na walipewa amri gani.

Mfano wa mvuvi unaweza kusaidia. Mvuvi aliyetupa nyavu siku moja kwa wiki, na mwaka uliofuata akazitupa siku sita, atapata samaki wengi zaidi. Hakuna atakayesema samaki wameongezeka ziwani kwa sababu hiyo. Lakini namba zinapohusu ukahaba, ndivyo tunavyosema karibu kila mara.

MFANO WA USWIDI

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Uswidi, nchi ambayo sharika nyingi za Kilutheri za Tanzania zina marafiki huko. Tarehe 1 Januari 1999 Uswidi ilianza kutumia sheria iliyofanya kununua ngono kuwa kosa, huku kuuza kukiwa si kosa. Yaani anayeshtakiwa ni mteja, si mwanamke. Adhabu ya juu ilikuwa kifungo cha miezi sita. Ikapandishwa hadi mwaka mmoja mwaka 2011. Na tangu Agosti 2022 faini imeondolewa katika adhabu za kosa hilo. Julai 2025 sheria ilipanuliwa ili iguse pia kununua vitendo vya ngono vinavyofanywa kwa mbali kupitia kamera na intaneti.

Sasa tuangalie makosa ya kununua ngono yaliyoripotiwa na polisi nchini humo. Mwaka 1999 yalikuwa 94. Mwaka 2000 yalikuwa 92, na mwaka 2001 yalikuwa 86. Mwaka 2002 yalifika 110, kisha mwaka 2003 yakaruka hadi 300. Mwaka 2004 yalishuka hadi 156, mwaka 2005 yakapanda hadi 460, na mwaka 2006 yakarudi 163. Mwaka 2007 yalikuwa 189, mwaka 2008 yalikuwa 187, mwaka 2009 yalikuwa 352. Mwaka 2010 yalizidi 1,200.

Tujiulize kwa utulivu: je, wanaume wa Uswidi walinunua ngono karibu mara tatu zaidi mwaka 2003 kuliko 2002, wakatubu kwa nusu mwaka 2004, wakarudia kwa nguvu 2005, wakatubu tena 2006? Hakuna mwenendo wa watu unaokwenda namna hiyo. Kinachopanda na kushuka kwa kasi hiyo ni bajeti za polisi, amri za wakubwa wao, na kesi kubwa moja moja.

Kuhusu kupanda kwa miaka ya mwisho, sababu zinajulikana. Mwaka 2008 serikali ya Uswidi ilipitisha mpango wa kitaifa dhidi ya ukahaba na usafirishaji haramu wa binadamu, na polisi wakapata fedha za ziada kwa kazi hiyo. Aidha, mwaka 2010 upelelezi mmoja mkubwa katika Jämtland, mkoa wa kaskazini wenye watu wachache, uliingiza makosa mengi kwa mpigo, kwa kuwa kila ununuzi huandikwa kuwa kosa lake. Mtu aliyesoma jedwali la mwaka huo pasipo maelezo angeweza kudhani kwamba vijiji vya Jämtland vina ukahaba kuliko miji mikubwa ya nchi hiyo.

Wakati namba za polisi zikipanda, upande mwingine ulionyesha picha tofauti kabisa. Mwaka 2010 tume iliyoongozwa na mwanasheria Anna Skarhed ilitathmini miaka kumi ya sheria hiyo na kueleza kwamba ukahaba wa barabarani ulikuwa umepungua kwa karibu nusu. Makadirio ya miji mitatu mikubwa, Stockholm, Göteborg na Malmö, yalikuwa wanawake wapatao 650 barabarani katikati ya miaka ya 1990, na kati ya 200 na 250 mwaka 2014.

Kwa hiyo katika nchi ile ile na miaka ile ile, makosa yaliyoripotiwa yaliongezeka na wanawake barabarani walipungua. Anayetaka kusema "sheria imeshindwa" ana namba yake, na anayetaka kusema "sheria imefaulu" ana yake. Wote wawili wamesoma takwimu halali.

BIASHARA INAPOHAMA BARABARANI

Hata namba ya wanawake waliopungua barabarani inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ofisi ya serikali ya mkoa wa Stockholm ilihesabu matangazo ya intaneti ya wanawake wanaouza ngono. Mwaka 2006 yalikuwa 304. Mwaka 2014 yalikuwa 6,965. Mtu anaweza kushtuka akasema ukahaba umeongezeka zaidi ya mara ishirini. Lakini ofisi hiyo hiyo ilitahadharisha kwamba tangazo si mtu. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na matangazo kumi katika miji mitano, na katika miaka hiyo matumizi ya intaneti yaliongezeka kwa kila biashara, hata ya nyumba na magari.

Tunachoweza kusema kwa uhakika ni hiki: mahali pa kukutana pamehama. Zamani askari aliyepita mtaa fulani saa nne usiku aliona kwa macho yake. Sasa makubaliano hufanyika kwa simu na watu hukutana chumbani. Mji ambao polisi wake wanaendelea kupita mtaa ule ule wa zamani utaripoti makosa machache kila mwaka, na viongozi wake watapongezana. Mji ambao polisi wake wamejifunza kufuatilia simu na matangazo utaripoti makosa mengi, nao utaonekana umeharibika.

Vilevile tuwe waangalifu na dodoso za kuwauliza wanaume. Uswidi iliwauliza wanaume kama wamewahi kununua ngono katika maisha yao. Mwaka 1996 waliokubali walikuwa asilimia 13.6, na mwaka 2008 walikuwa asilimia 7.9. Inafurahisha kuisikia. Lakini swali lilihusu maisha yote, na aliyewahi kununua hawezi kuwa hajawahi miaka kumi na miwili baadaye. Kushuka kwa kasi hivyo kunaonyesha, walau kwa sehemu, kwamba jambo lililokwisha kufanywa kosa halisemwi tena kirahisi mbele ya mwenye karatasi ya dodoso.

MFANO WA KANADA

Kanada inatupa somo la pili, nalo ni zito zaidi. Mwaka 1985 polisi wa nchi hiyo waliripoti makosa ya ukahaba kiasi cha 1,200 tu. Desemba mwaka huo bunge lilipitisha kosa jipya: kuzungumza na mtu mahali pa wazi kwa nia ya kununua au kuuza ngono. Miaka miwili baadaye makosa yalizidi 10,000 kwa mwaka. Wanawake na wateja wao walikuwepo kabla ya hapo. Kilichoongezeka ni kifungu cha sheria ambacho askari angeweza kukitumia bila shida ya ushahidi.

Tarehe 20 Desemba 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitoa hukumu katika kesi inayojulikana kama ya Bedford. Ilibatilisha vifungu vitatu, kikiwemo hicho cha mazungumzo ya mahali pa wazi, kwa sababu viliongeza hatari kwa maisha ya wanawake hao. Mahakama ililipa bunge mwaka mmoja wa kutunga sheria nyingine. Katika mwaka huo wa 2014 sheria ya zamani ilikuwa bado inatumika, lakini makosa yaliyoripotiwa yalishuka sana, maana vyombo vya sheria vilisita kufungua kesi kwa kifungu kilichokwisha kuhukumiwa. Desemba 2014 sheria mpya ilianza kazi, nayo imewalenga zaidi wanunuzi na wanaofaidika na miili ya wengine. Baada ya hapo idadi ya wanawake wanaoshtakiwa haiwezi kulinganishwa na ile ya miaka ya nyuma, kwa sababu kosa lenyewe limebadilika.

Uzito wa somo hili uko katika jiji la Vancouver. Mwaka 1984 amri ya mahakama iliwaondoa wanawake hawa katika mtaa wa West End, ambao wakazi wake walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu. Mtaa ulitulia. Wanawake walisogea mashariki, mtaa kwa mtaa, hadi wengi wao wakawa katika eneo maskini la Downtown Eastside na barabara za viwanda zisizo na taa wala watu usiku. Katika miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanawake wa eneo hilo walianza kupotea mmoja baada ya mwingine, wengi wao wakiwa wa jamii za wenyeji asilia. Ndugu zao walikwenda polisi, lakini taarifa zao hazikupewa uzito. Robert Pickton, mfugaji wa nguruwe nje ya jiji, alikamatwa mwaka 2002. Alishtakiwa kwa mauaji ya wanawake 26 na mwaka 2007 alitiwa hatiani kwa mauaji ya sita kati yao. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Wally Oppal, iliyotoa ripoti yake mwaka 2012, ilieleza wazi kwamba polisi walishindwa, na kwamba wanawake hao walitupwa kwa sababu ya hali yao.

Ofisi ya takwimu ya Kanada imetoa hesabu nyingine inayopaswa kusomwa pamoja na hizo za juu. Kati ya mwaka 1991 na 2014 waliuawa watu 294 waliokuwa wakifanya biashara ya ngono. Asilimia 34 ya mauaji hayo yalikuwa hayajapata ufumbuzi, wakati kwa mauaji mengine ni asilimia 20.

Wajumbe wa kamati wataona hoja yetu. Mtaa unaweza "kusafishwa", malalamiko ya majirani yakapungua, na jedwali la polisi la mtaa huo likapendeza, ilhali katika barabara nyingine ya jiji hilo hilo watu wanauawa na hakuna anayehesabu.

HAPA KWETU TANZANIA

Sheria yetu haiko kama ya Uswidi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inawagusa watu mbalimbali katika vifungu tofauti. Vipo vifungu dhidi ya anayeishi kwa mapato ya ukahaba wa mwingine na dhidi ya anayeendesha danguro. Kisha kipo kifungu cha 176, kinachowahusu watu wanaoitwa wazembe na wakorofi. Ndani yake kahaba anayefanya mambo yasiyo ya adabu mahali pa wazi, au anayezurura hapo akitafuta wateja, amewekwa kundi moja na ombaomba na wacheza kamari wa barabarani.

Matokeo yake kwa takwimu ni makubwa. Askari akiwakusanya watu thelathini usiku mmoja, na wote wakaandikwa kwa uzururaji, kitabu hakitasema nani alikuwa kahaba, nani alikuwa mama lishe aliyechelewa kufunga, na nani alikuwa akisubiri daladala ya mwisho. Mjumbe atakayesoma "makosa ya uzururaji yameongezeka" hatajua lolote kuhusu biashara ya ngono.

Sheria za aina hii zimejadiliwa hapa hapa Arusha. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za uzururaji za nchi za Afrika, nyingi zikiwa zimerithiwa kutoka kwa wakoloni, hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake na si kwa tendo alilotenda. Nchi itakayozifuta sheria hizo itaona makosa mengi yakitoweka kwenye vitabu siku moja, na hakuna kitakachokuwa kimebadilika mtaani.

Operesheni nazo zina nafasi yake. Mwaka 2024, kwa mfano, vyombo vya habari vilitangaza sana operesheni dhidi ya biashara ya ngono katika wilaya ya Ubungo jijini Dar es Salaam. Wilaya yenye operesheni huwa na idadi kubwa mwaka huo. Wilaya jirani isiyo na operesheni huwa na idadi ndogo, hata kama nusu ya walioondolewa wamehamia huko. Kulinganisha wilaya hizo mbili kwa namba ya waliokamatwa ni kulinganisha ratiba za magari ya polisi.

Zipo namba nyingine zinazoonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Makadirio ya wataalamu wa mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2014 yaliweka idadi ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono Tanzania Bara kuwa takribani 155,000. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam mwaka 2010 ulikuta kwamba karibu 31 kati ya kila 100 ya wanawake hao walikuwa na virusi vya UKIMWI. Kwa wanawake wote wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulikuta asilimia 6.2. Namba hizi hazikutoka mahabusu. Zilipatikana kwa watafiti kujenga uaminifu na wanawake wachache, ambao nao waliwaleta wenzao, hadi picha ikajaa.

MAKOSA YASIYOPASWA KUCHANGANYWA

Ikumbukwe pia kwamba chini ya maneno "biashara ya ngono" hujificha mambo matatu tofauti, na kila moja lina sheria yake.

La kwanza ni mtu mzima anayeuza au kununua ngono.

La pili ni mtu mzima aliyelazimishwa, aliyedanganywa au aliyesafirishwa. Huyu analindwa na Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008. Msichana aliyeahidiwa kazi ya ndani mjini akajikuta baa hawezi kuandikwa mzururaji.

La tatu ni mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18. Hapa hakuna "kahaba mtoto". Kuna mtoto aliyetendewa uhalifu, kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 na Sheria ya Mtoto ya 2009.

Takwimu zinazoyachanganya haya matatu zinaweza kupotosha kwa namna ya kusikitisha. Endapo mwaka mmoja polisi watafungua kesi ishirini za kuwatumikisha watoto kingono, jumla ya makosa itapanda, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa maana watoto ishirini wameonekana. Endapo mwaka unaofuata hakuna kesi hata moja, jumla itashuka. Nani atafurahia?

KWA NINI MRADI HAUPIMWI KWA IDADI YA WALIOKAMATWA

Tunaombwa mara kwa mara tuweke katika andiko la mradi kiashiria kisemacho "idadi ya makosa ya ukahaba yaliyoripotiwa mjini imepungua kwa asilimia fulani ifikapo mwisho wa mradi". Tunaelewa nia njema iliyomo. Hata hivyo tunashauri kisitumike, kwa sababu tatu.

Kwanza, hakiko mikononi mwa mradi. Mkuu mpya wa polisi akija na amri mpya, namba itapanda au kushuka, na mradi utasifiwa au kulaumiwa kwa kazi isiyo yake.

Pili, kinaharibu kazi yenyewe. Mwanamke akiona kwamba wanaomwalika kwenye semina ya ushonaji ndio wanaohesabu waliokamatwa, hatarudi. Ataacha pia kuja kliniki, ataacha kuchukua dawa za kufubaza virusi, na atahamia mahali ambapo mhudumu wa usharika hatamfikia. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu Tanzania iliyoeleza vitendo vya kuombwa fedha, kupigwa na hata kubakwa walivyosimulia wanawake waliokutana na baadhi ya askari. Aliyepitia hayo, au aliyeyasikia kwa mwenzake, haendi kituoni akipigwa na mteja. Kwa hiyo msako ukizidi, taarifa za ukatili dhidi ya wanawake hawa zinaweza kupungua, na mtu wa ofisini akadhani ukatili umepungua.

Tatu, kinawaacha wengine nje ya hesabu. Anayekamatwa kirahisi ni yule maskini kuliko wote, anayesimama barabarani kwa kuwa hana simu nzuri wala chumba. Mwenye danguro, kuwadi na mnunuzi mwenye gari hawaonekani sana katika namba hizo.

Wapo wazee wa usharika wanaotuambia, "Sasa mnataka polisi wasifanye kazi?" Hapana. Polisi wana kazi kubwa hapa, na madawati ya jinsia na watoto katika vituo vyetu yameanzishwa kwa ajili yake. Tunachotaka ni kazi hiyo ihesabiwe kwa jambo sahihi: mtoto aliyeokolewa, msafirishaji aliyefikishwa mahakamani, aliyebaka akahukumiwa bila kujali aliyebakwa anaishi kwa kazi gani.

MASWALI YA KUULIZA KIKAONI

Kamati ikiletewa namba yoyote ya makosa ya biashara ya ngono, tunashauri iulize maswali haya kabla ya kuijadili:

1. Kosa lililohesabiwa ni lipi hasa, na kwa kifungu gani? Kuuza, kununua, kuendesha danguro, uzururaji, au kumtumikisha mtoto?

2. Kinachohesabiwa ni nini: watu, matukio, kesi zilizofunguliwa, au waliotiwa hatiani? Mtu mmoja aliyekamatwa mara nne ni mmoja au wanne?

3. Je, sheria au amri ya polisi ilibadilika kati ya miaka inayolinganishwa?

4. Je, kulikuwa na operesheni, mkutano mkubwa wa kimataifa, au kesi moja kubwa iliyoingiza makosa mengi kwa mara moja?

5. Miji inayolinganishwa ina watu wangapi, na askari wangapi wa kazi hiyo? Idadi ghafi ya jiji haiwezi kuwekwa kando ya idadi ghafi ya mji mdogo.

6. Je, tunayo namba nyingine isiyotoka polisi, kama ya kliniki, ustawi wa jamii au utafiti, inayokwenda upande huo huo?

Kama maswali matatu kati ya haya hayana majibu, namba hiyo iandikwe kwenye muhtasari kama taarifa tu, na isitumike kufanyia uamuzi.

VIASHIRIA VINAVYOFAA

Tunapendekeza kamati na wafadhili watazame mambo ambayo mradi unaweza kuyagusa na kuyahesabu kwa uaminifu. Je, ni wanawake wangapi walioanza dawa bado wanaendelea nazo baada ya miezi kumi na miwili? Wangapi waliopigwa au kubakwa walipata matibabu ndani ya saa 72, muda ambao dawa za kuzuia maambukizi ya VVU bado zinaweza kusaidia? Wangapi kati yao walifungua jalada dawatini, na majalada mangapi yalifika mahakamani? Wasichana wangapi wa chini ya miaka 18 walioonekana baa wamerudishwa shuleni au kwa ndugu salama, na bado wako huko mwaka mmoja baadaye? Wanawake wangapi katika vikundi vya kuweka na kukopa wameweza kulipa kodi ya nyumba kwa kipato kingine?

Viashiria hivi vina udhaifu wake. Vinachukua muda, vinahitaji usiri mkubwa wa majina, na mara nyingi huanza na namba ndogo zisizovutia kwenye ripoti. Wanne waliorudi shuleni hawapendezi kwenye grafu kama makosa yaliyopungua kwa asilimia arobaini. Lakini hao wanne wanajulikana walipo, na mhudumu wa usharika anaweza kwenda Jumamosi akawaona.

Hali kadhalika, tunaziomba kamati zikumbuke kwamba kiashiria cha taarifa za ukatili kinaweza kupanda mwanzoni mradi unapofanya kazi vizuri. Mwanamke aliyenyamaza miaka mitano akianza kusema, dawati litapata jalada jipya. Wafadhili wanaosoma makala haya tunawaomba wasiogope mstari unaopanda mahali hapo, na watuulize kwanza umepanda kwa sababu gani.

Kwa sharika zinazoandaa maandiko ya mwaka ujao, fomu za viashiria zijadiliwe kwanza na wahudumu wanaowafahamu wanawake hawa, kabla ya kutumwa ofisini. Palipo na kiashiria cha waliokamatwa, kifutwe, na kando yake iandikwe sababu kwa sentensi moja, ili mfadhili naye aelewe.